KIAMBISHI KU- KATIKA VITENZI VYA MASHARTI: HISTORIA YA KANUNI MOJA YA KISWAHILI SANIFU NA MAFUNDISHO YAKE KILIMANJARO, 1848–1967

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya maumbo yanayohesabiwa kuwa ya kipekee katika vitenzi vya masharti vya Kiswahili, yaani vitenzi vyenye viambishi -nge- na -ngali-. Mambo mawili yanashughulikiwa: kubaki kwa kiambishi ku- katika vitenzi vya silabi moja, kama katika ningekula na ningalikuja, na kanuni ya darasani inayokataza kuchanganya -nge- na -ngali- katika sentensi moja. Mahali palipochaguliwa ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, ambako Kiswahili kilifika kwanza kwa misafara na baadaye kwa vitabu, miongoni mwa wasemaji wa lugha za Kichaga ambazo kitenzi-jina chake hakitumii ku-. Insha inadai kwamba upekee wa kwanza ni mabaki ya historia ya lugha yenyewe, ilhali kanuni ya pili ni zao la uandishi wa sarufi na usanifishaji. Kuyafundisha yote mawili kwa uzito mmoja kumewafanya wanafunzi wahukumiwe kwa makosa yasiyo ya namna moja.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeandika *ningela badala ya ningekula hutiwa alama ya kosa, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa hakuna msemaji wa Kiswahili sanifu asemaye hivyo. Anayeandika "Ningalisoma ujanani, leo ningekuwa mwalimu" naye hutiwa alama ya kosa, kwa sababu amefundishwa kwamba -nge- huandamana na -nge-, na -ngali- huandamana na -ngali-. Mbele ya msahihishaji makosa haya mawili yana thamani moja. Mbele ya historia ya lugha hayalingani hata kidogo. La kwanza linavunja utaratibu uliojengeka katika vinywa vya wasemaji kabla ya sarufi yoyote kuchapwa. La pili linavunja agizo la vitabu, na agizo lenyewe, kama itakavyoonyeshwa, linapingana na maelezo yanayofundishwa pamoja nalo.

Kilimanjaro panafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya kuandikwa kwa sarufi ya Kiswahili na historia ya wageni waliofika mlimani zinakutana mapema, mwishoni mwa miaka ya 1840, zikiwahusu watu walewale. Pili, lugha za wenyeji wa mlima, yaani Kimachame, Kikibosho, Kiuru, Kimochi, Kivunjo, Kirombo na nyinginezo zinazojumuishwa katika jina la Kichaga, ni za Kibantu kama Kiswahili, lakini kitenzi-jina chake huanza na i-, si ku-. Mvunjo husema irunda pale Mswahili asemapo kufanya kazi. Kwa hiyo kiambishi ambacho kwa mtu wa pwani ni sehemu ya mazoea, kwa mtoto wa Marangu au Kidia kilikuwa jambo la kujifunza.

2.0 Utaratibu wa umbo

Vitenzi vinavyohusika ni vichache lakini hutumika kila siku: -ja, -la, -nywa, -fa, -wa, -cha. Vikitanguliwa na -na-, -li-, -me-, -ta-, -nge- au -ngali-, hubaki na ku- ya kitenzi-jina: anakuja, alikuja, amekuja, atakuja, angekuja, angalikuja. Vikitanguliwa na -ki-, -ka- au hu-, ku- hutoweka: akija, akaja, huja. Vitenzi -enda na -isha vimesimama katikati, kwani ningekwenda na ningeenda zote husikika, na kwisha hufanya vivyo hivyo.

Maelezo ya kawaida ni ya mkazo. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi vya kundi la kwanza havibebi mkazo, hivyo ku- hubaki ili iubebe. Viambishi vya kundi la pili hubeba mkazo vyenyewe. Ushahidi wa maelezo haya ni kwamba kiambishi cha mtendwa kikiingia, ku- huondoka mara moja, kwa kuwa mkazo umepata mahali pengine: ningekula, lakini ningekila (chakula), ningekunywa, lakini ningeyanywa (maji). Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, alikwisha kuviorodhesha viambishi vinavyobakisha ku-, na orodha ya namna hiyo imepita katika vitabu vilivyofuata bila mabadiliko makubwa.

Maelezo ya mkazo yanasema jambo linavyotendeka leo, ila hayasemi kwa nini viambishi vimegawanyika katika makundi mawili. Jibu la swali hilo ni la kihistoria. Viambishi kadhaa vya kundi la kwanza vinatambulika kuwa vitenzi vya zamani vilivyochakaa: -ta- inahusishwa na kutaka, -me- na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza, na -li- ni kitenzi cha kuwa ambacho bado kinaishi katika aliye na walio. Hapo mwanzo palikuwa na kitenzi kisaidizi kikifuatwa na kitenzi-jina, maneno mawili kamili. Yalipoungana kuwa neno moja, kitenzi kirefu kiliacha ku- yake, lakini kitenzi cha silabi moja hakikuweza kuiacha bila kupoteza mahali pa mkazo. Viambishi -ki- na -ka- ni vya tabaka la zamani zaidi, na havina kitenzi-jina nyuma yake.

Kwa upande wa masharti, lugha imehifadhi shahidi wake katika maneno mawili yanayojulikana na kila msomaji: ingawa na ingekuwa. Yote yana kitenzi -wa. Katika ingawa, kiambishi -nga- kimekaa juu ya kitenzi bila ku-, na mkazo umekiangukia. Katika ingekuwa, -nge- imekataa mkazo na ku- imebaki. Maneno haya yanayofanana kwa sauti na kukaribiana kwa maana yametoka katika matabaka mawili ya lugha. Tena umbo -ngali- lina sehemu mbili, -nga- na -li-, na sehemu hizo bado husimama zenyewe bila kitenzi kingine: angali mtoto, tungali hai, ingali mapema. Hapo maana ni ya hali inayoendelea kuwapo licha ya mengine. Njia ya kutoka "kuwapo licha ya" hadi "ingekuwapo kama" si ndefu.

Kwa hiyo ku- katika ningalikuja si pambo wala ubaguzi uliobuniwa na walimu. Ni alama iliyobaki pale maneno mawili yalipofungwa kuwa moja.

3.0 Majina ya Ulaya na umbo la Kibantu

Istilahi ambazo kwazo maumbo haya yalifafanuliwa hazikutoka pwani. Waandishi wa kwanza wa sarufi walikuwa wamesomeshwa kwa Kilatini na Kigiriki, na waliyapanga maumbo ya Kiswahili katika visanduku walivyovijua. Steere aliiita -nge- njeo ya masharti ya wakati uliopo, na -ngali- njeo ya masharti ya wakati uliopita. Mgawanyo huo wa wakati ndio uliorithiwa na shule.

Inafaa kuuliza njeo ya masharti ilitoka wapi huko Ulaya kwenyewe, maana Kilatini hakikuwa na njeo maalumu ya aina hiyo. Lugha zilizotokana na Kilatini ziliiunda baadaye. Kihispania ni mfano ulio wazi: mwisho -ía wa njeo hiyo ni mabaki ya wakati uliopita wa kitenzi haber, yaani kuwa na, kilichowekwa baada ya kitenzi-jina. Antonio de Nebrija, aliyechapisha sarufi ya Kikastilia mwaka 1492, alikwisha kuona kwamba amaría ni amar pamoja na ía. Katika Kihispania cha kale sehemu hizo mbili ziliweza hata kutenganishwa na kiwakilishi kilichoingia katikati.

Vitenzi vya Kihispania visivyofuata kanuni katika njeo hii huhesabiwa kuwa 12, ukiacha vile vilivyonyambuliwa kutokana navyo, na vyote vinaeleweka kwa historia hiyo. Vitano vilipoteza irabu ya kitenzi-jina: cabría, habría, podría, querría, sabría. Vitano vingine vilipoteza irabu na kuingiza konsonanti d ili kurahisisha matamshi: pondría, saldría, tendría, valdría, vendría. Viwili vilitumia kitenzi-jina kilichofupishwa: diría na haría. Mashina hayohayo hutumika katika wakati ujao, kwa sababu wakati ujao nao uliundwa kwa kitenzi-jina na kitenzi haber.

Ulinganisho huu una faida kwa Kiswahili. Ningekuja na vendría, yote mawili yana kitenzi-jina ndani yake: kuja katika la kwanza, venir katika la pili. Tofauti ni kwamba upekee wa Kihispania umetokana na kitenzi-jina kuchakaa mahali ambapo vitenzi vingi vimekitunza, na upekee wa Kiswahili umetokana na kitenzi-jina kutunzwa mahali ambapo vitenzi vingi vimekipoteza. Katika lugha zote mbili vitenzi vinavyotumika sana ndivyo vinavyobeba kumbukumbu. Kinachoitwa "kutofuata kanuni" ni kanuni ya zamani inayoonekana baada ya kanuni mpya kuifunika.

4.0 Kiswahili chafika mlimani mara mbili

Johannes Rebmann alipopanda kutoka Rabai mwaka 1848, akaiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei, hakuwa wa kwanza kuleta Kiswahili huko. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeifahamu njia. Misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kuwapeleka Waswahili hadi kwa mamangi wa mlimani, na Mangi Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891, alizungumza nao na wageni wa Ulaya kwa Kiswahili. Hicho kilikuwa Kiswahili cha kusikia. Aliyejifunza angekuja kwa njia hiyo alilipata neno zima kwa mkupuo mmoja, bila kuambiwa kwamba lina ubaguzi ndani yake.

Ludwig Krapf, mwenzake Rebmann wa Rabai, alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Tangu hapo Kiswahili cha kitabu kilianza safari yake, na kilipofika Kilimanjaro kilikuta mshindani. Wamisionari wa Kianglikana walikaa Moshi kuanzia mwaka 1885. Mwaka 1893 nafasi yao ilichukuliwa na Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, ambao walitaka Injili na elimu ya mwanzo vitolewe kwa lugha ya mama. Johannes Raum alitoa sarufi ya Kimochi mjini Berlin mwaka 1909. Bruno Gutmann, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 na kutumika Moshi ya Kale hadi 1938, aliona lugha kuwa sehemu ya vifungo vya ukoo, ujirani na rika ambavyo kanisa halikupaswa kuvivunja. Serikali ya Kijerumani kwa upande wake iliendesha utawala na shule zake kwa Kiswahili. Hivyo kwa miaka mingi mtoto wa Kichaga aliweza kukutana na sala kwa Kichaga na karatasi ya serikali kwa Kiswahili.

Chini ya Waingereza mizani ililemea Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi, ikiwa na mamlaka ya kupitia vitabu vya shule kabla havijatumika. Kuanzia hapo swali la umbo lipi ni sahihi lilikuwa na ofisi ya kulijibu. Sarufi ya E. O. Ashton, iliyotoka mwaka 1944, iliendelea kuwa rejeo kuu kwa vizazi vya walimu. Katika mazingira hayo Mchaga aliyekipata Kiswahili darasani alikipata kama jedwali: kwanza kanuni, kisha ubaguzi wa kanuni, kisha mazoezi.

Haikumzuia kukitumia kwa uwezo mkubwa. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alichapisha kwa Kiswahili kitabu kuhusu maisha ya Mchaga duniani na ahera. Chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925, na ushirika wa KNCU uliochukua nafasi yake mwaka 1933, viliendesha shughuli miongoni mwa watu wa lahaja mbalimbali za mlima ambao Kiswahili kiliwaunganisha. Katika muongo wa 1950 gazeti la Komkya lilibeba mijadala ya Wachaga kuhusu Mangi Mkuu, ardhi na maendeleo, likiandikwa kwa Kiswahili chini ya jina la Kichaga.

Jina hilo lenyewe ni somo la sarufi. Komkya, yaani kumekucha, lina sehemu tatu: ko-, -m- na -kya. Kila moja ina mwenzake katika Kiswahili: ku- ya mahali, -me- ya hali timilifu, na kitenzi -cha. Lakini neno la Kiswahili lina sehemu nne. Ku- ya pili katika kumekucha, ile ya kitenzi-jina, haimo katika neno la Kichaga. Lugha mbili zenye asili moja zimesema jambo moja kwa kitenzi kimoja cha silabi moja. Moja imehifadhi kitenzi-jina, nyingine haina alama yake. Mwanafunzi wa Kichaga ambaye angeandika *kungecha badala ya kungekucha asingekuwa mzembe. Angekuwa anafuata mpangilio ambao lugha yake ya kwanza inaukubali. Mwalimu anayelijua hilo anaweza kumwonyesha mahali hasa lugha mbili zinapoachana. Asiyelijua hana la kumwambia isipokuwa "kariri".

5.0 Kanuni ya kutochanganya

Suala la -nge- na -ngali- ni la aina nyingine. Shule hufundisha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba -nge- ni ya wakati uliopo na -ngali- ni ya wakati uliopita. La pili ni kwamba sehemu zote mbili za sentensi sharti zitumie kiambishi kimoja. Kila moja likichukuliwa peke yake linaeleweka. Yakiwekwa pamoja hayapatani.

Mfano uliotolewa katika utangulizi unatosha kulithibitisha. "Ningalisoma ujanani" ni sharti la wakati uliopita lililokwisha kupotea. "Leo ningekuwa mwalimu" ni tokeo la wakati uliopo. Ikiwa viambishi vinatenga wakati kama inavyofundishwa, sentensi hii haina budi kuvitumia vyote viwili. Kanuni ya pili inakataza hasa kile ambacho kanuni ya kwanza inakidai. Kihispania, ambacho njeo zake zimepangwa kwa wakati, hukubali mchanganyiko wa namna hii bila taabu: sharti huwekwa katika umbo la wakati uliopita, na tokeo hufuata kwa sería, yaani ningekuwa.

Njia pekee ya kuitetea kanuni ya pili ni kuiacha ya kwanza, yaani kukubali kwamba tofauti ya -nge- na -ngali- si ya wakati. Matumizi ya leo yanaelekea huko. "Ningejua jana, nisingekuja" ni sentensi ya kawaida mjini Moshi kama ilivyo Dar es Salaam, na kazi ya kutaja wakati hufanywa na neno jana. Lakini hapo uchaguzi wa kiambishi unakuwa suala la mtindo, na kosa la kuchanganya haliwezi tena kuitwa kosa la maana.

Ukanushi unaonyesha kwamba usanifishaji uliweza kuvumilia zaidi ulipotaka. Singekuja na nisingekuja, hangekuja na asingekuja, yote yamekubaliwa vitabuni, ingawa Tanzania inaelekea zaidi kwenye -singe- na Kenya kwenye hange-. Hakuna anayeamini kwamba uwili huo umeidhuru lugha.

Uzito wa jambo hili hauishii katika alama za mtihani. Sheria na kanuni za vyama kwa kawaida husemwa kwa -ki-: mwanachama akikosa, atatozwa. Manung'uniko, madai na majuto husemwa kwa -nge- na -ngali-, kwa kuwa yanaweka hali iliyopo kando ya hali ambayo ingewezekana. Katika wilaya ambayo uhaba wa ardhi na bei ya kahawa vilijadiliwa kwa Kiswahili kwa miongo kadhaa, kumpunguzia mtu uhuru wa kuunganisha sharti la jana na tokeo la leo ni kumpunguzia chombo cha kudai haki yake kwa usahihi.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1964 kazi ya Kamati ilihamia katika taasisi ya utafiti wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Urithi wa sarufi za karne ya kumi na tisa ulihamia pamoja na kazi hiyo, maumbo na majina yake bila kutenganishwa.

Insha hii imejaribu kuvitenganisha. Ku- ya ningekula ni ya lugha yenyewe: imetokana na kitenzi-jina kilichobaki ndani ya neno, na ina mwenzake katika historia ya lugha za mbali kama Kihispania. Inastahili kufundishwa kwa sababu yake, si kwa kukaririwa, na hasa mahali kama Kilimanjaro ambako lugha ya nyumbani inatoa kipimo kilicho karibu. Kanuni ya kutochanganya -nge- na -ngali- ni ya vitabu: imetokana na majina ya wakati yaliyopachikwa juu ya maumbo ya Kibantu, kisha ikakazwa na mahitaji ya usahihishaji. Inaweza kubaki kama shauri la mtindo. Haipaswi kubaki kama kosa la kumwondolea mwanafunzi alama wakati sentensi yake imesema kwa ukamilifu kile alichokusudia kusema.